Vitabu Vinavyoanzia Kwenye Gazeti Kuukuu

Mpenda maua akiingia duka la vitabu huvutwa na kile chenye picha za rangi. Simlaumu, hata mimi ninavyo. Lakini ukipanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, huku macho yako yakichungulia kingo za barabara, vitabu vitakavyokukata kiu hasa ni vile visivyo na rangi hata moja: maelezo ya mistari kumi, mchoro wa wino, basi.

Ufundi wa vitabu hivyo huanzia msituni. Mkusanyaji hukata tawi lenye majani, ua na, akibahatika, tunda. Hulilaza ndani ya gazeti kuukuu, akaligeuza jani moja ili mgongo wake uonekane, kisha akalibana kati ya fremu mbili za mbao na kukaza mikanda. Magazeti hubadilishwa mara kwa mara, maana milima hii ya Usambara ina ukungu, na mmea ukibaki na unyevu huota kuvu. Rangi ya ua lazima iandikwe papo hapo, kwa sababu likikauka mara nyingi hugeuka kahawia, na harufu ndiyo imekwenda zake. Mahali, mwinuko, tarehe, jina la Kisambaa: vyote huingia kwenye lebo. Pale Lushoto ipo hebaria ya TAFORI, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, inayotunza mimea iliyokaushwa hivyo.

Miaka mingi baadaye mtu mwingine, pengine katika Bustani za Kew kule London, huifungua karatasi ile. Hulilainisha ua moja kwa maji ya moto, akalipasua chini ya lenzi, akahesabu stameni na kupima petali kwa milimita. Kwa kazi ya namna hiyo iliandikwa Flora of Tropical East Africa, iliyotoka sehemu kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012 na kueleza zaidi ya spishi 12,000 za mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania. Ni miaka 60. Walioianza wengi hawakuuona mwisho wake.

Chukua ua mashuhuri kuliko yote ya Usambara, Saintpaulia. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani, alilikuta mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina hilo kitaalamu. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Mnunuzi huuliza rangi. Mwandishi wa flora huinama kutazama vinywele vya jani, kama ni virefu au vifupi, kama vimesimama au vimelala. Kwa tofauti ndogo za aina hiyo wataalamu walifika kuhesabu spishi 20 hivi. Iain Darbyshire, katika sehemu ya Flora ile iliyotoka 2006, alizipitia upya akabakiza sita. Hapo ndipo ninapovua kofia: wengi hutafuta sifa kwa kuongeza majina, yeye aliyapunguza. (Tangu 2015 hata Saintpaulia yenyewe imeingizwa ndani ya Streptocarpus, habari ambayo wauza maua hawana haja nayo.)

Flora ile ni nzito kwa anayeanza. Yeye atafute kwanza Useful Trees and Shrubs for Tanzania cha mwaka 1994, walichoandika Mbuya, Msanga, Ruffo, Birnie na Tengnäs. Kila mti una mchoro, maelezo mafupi ya ua lake, matumizi yake, na majina ya lugha zetu, Kisambaa kikiwemo. Sentensi zake ni kavu, lakini ukiwa nacho chini ya mti wenyewe utaona hakuna neno la kupunguza.

Vyote hivi viwili ni vya Kiingereza. Wachapishaji wetu, tupeni kijitabu cha maua ya Usambara kwa Kiswahili, chenye michoro ya wino na majina ya Kisambaa, na majina hayo yakusanywe sasa, wazee wanaoyajua wangali hai.