Sifa za Rangi Ing'aayo

Fundi wa maabara atandazapo tone la damu juu ya kioo, akalikausha na kulitia maji ya akridini oranji, kisha akalitazama kwa hadubini iliyopitishwa nuru ya buluu, hufanya kazi ambayo kwa rai yangu yastahiki kuhesabiwa miongoni mwa sanaa adhimu. Chembe nyekundu za damu ya mwanadamu hazina kiini, wala hazina DNA ya kuishika rangi hiyo, kwa hiyo hufifia zikapotea katika kiza. Bali kimelea cha malaria kilichojificha ndani yake kina kiini chake, na rangi ikikipenya kiini hicho hung'aa kijani, ilhali ute ukizungukao, wenye RNA tele, huwaka wekundu wa machungwa. Mwizi hufichuliwa na mali yake mwenyewe. Na rangi ni ile ile moja, pasi na mtu kuchanganya nyingine.

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali zimeitegemea rangi ya Gustav Giemsa wa Hamburg, rangi amini sana lakini yenye kutaka subira, kwani huweza kuchukua dakika 45 au zaidi. Mwaka 1991 Fumihiko Kawamoto wa Japani alibainisha ya kwamba hadubini ya kawaida, ikitiwa kichujio maalumu cha nuru, yatosha kwa akridini, na kwamba taa ya halojeni, au hata jua lenyewe, huweza kuiangaza. Mwaka 1994 mpango wetu wa taifa wa kupambana na malaria, hapa Tanzania, ukishirikiana na shirika la Japani, JICA, ulianza kuieneza njia hiyo. Na kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2002, ilikwisha kufika katika hospitali 70 za mikoa na wilaya, na mafundi 400 walikwisha kufundishwa. Majibu yalipatikana kwa dakika 3 hadi 10. Mama aliyetoka Mbagala na mtoto mwenye homa mgongoni akaketi benchini pale hospitali ya Temeke, Dar es Salaam, au yule wa Tandale aliyekwenda Mwananyamala, hahitaji kufafanuliwa thamani ya nusu saa.



Hata hivyo sifa kubwa naiweka kwa jicho, si kwa rangi. Chembe nyeupe za damu nazo zina viini, nazo hung'aa. Vimelea vikiwa haba, ni rahisi kuvipita. Na kupambanua aina moja ya kimelea na nyingine huwa kugumu wakati mwingine. Tena mng'ao hufifia kadiri nuru inavyoupiga, hivyo fundi sharti aamue upesi bila ya kufanya pupa, na hilo halipatikani ila kwa mazoezi mengi.

Leo kipimo cha haraka kimeenea, nami sikibezi, kwa kuwa kimefika hata zahanati isiyo na umeme; lakini hakihesabu vimelea, wala hakimwonyeshi tabibu kama dawa inavipunguza. Kwa hiyo nawasihi wenye kusimamia vyuo vya maabara wasiiache elimu ya hadubini ikafa, na kila fundi mzee aijuaye kazi hii apewe kijana wa kumfundisha angali kazini.