Kisa cha Mgonjwa Mmoja Kama Ushahidi: Juu ya Hipnosi na Huduma ya Uponyaji

Katika maandishi ya madaktari juu ya hipnosi, yaani hali ya utulivu ambamo mtu huielekeza nia yake yote kwenye neno la anayemwongoza, kisa cha mgonjwa mmoja hupewa heshima kubwa. Sisi tunaohudumu sharikani hatushangai, kwani ushuhuda wa mtu mmoja ndio unaoamsha ibada nzima. Hata hivyo hatuna budi kuuliza kisa hicho kinathibitisha nini.

Kisa kinachotajwa mno ni kile alichokiandika daktari A. A. Mason wa Uingereza katika British Medical Journal mwaka 1952. Kijana wa miaka 16 alikuwa na ngozi ngumu yenye magamba tangu kuzaliwa, na jitihada za kumpandikiza ngozi zilikuwa zimeshindwa. Mason alimtia katika hipnosi, akamwambia kwamba mkono wa kushoto utapona. Mkono wa kushoto tu. Baada ya siku chache magamba ya mkono huo yakalainika na kubambuka. Viungo vingine vilingoja zamu yao. Hapa ndipo ilipo nguvu ya taarifa hii, wala si katika ajabu yake: mkono ulioambiwa waweza kulinganishwa na mkono usioambiwa, kwa mgonjwa yule yule, chakula kile kile, majuma yale yale. Lakini Mason alipowajaribu wengine wenye ugonjwa wa namna hiyo hakufanikiwa, naye akasema hivyo waziwazi. Wanaopenda kusimulia habari ya kwanza ni wepesi wa kuisahau ya pili.

Kwetu Tanzania tunayo taarifa ya namna nyingine. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misioni huko Kashasha, karibu na Bukoba, vilianza vicheko na vilio visivyozuilika. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Rankin na Philip, waliochapisha taarifa yao mwaka 1963, hawakupata ugonjwa wa mwili, walimu hawakupatwa. Hatusemi kwamba ilikuwa hipnosi, kwa maana hapakuwa na mwongozaji. Ni jirani yake tu: mwili kutii jambo lililoingia kwa macho na masikio. Nasi twasikitika kwamba katika masimulizi mengi ya baadaye hesabu imebaki, tena kama mzaha, bali msichana mmoja mwenye hofu zake hasikiki.

Mwaka 2011, watu wengi mno walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500, shuhuda nyingi tulizozisikia zilitolewa kabla kikombe hakijapata muda wa kufanya kazi au kushindwa. Wapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao kwa shuhuda hizo.

Basi tuseme mama wa Kalinzi, kule juu kwenye mashamba ya kahawa, mwenye maumivu ya mgongo ya miaka mingi, ameshuka hospitali ya Maweni, Kigoma, na mhudumu akamtuliza kwa maneno ya upole hata maumivu yakapungua. Mwanafunzi wa theolojia anayetaka kuliandika jambo hilo aulize alikuwa akimeza dawa gani, maumivu yalikuwaje majuma yaliyotangulia, na yakoje baada ya miezi mitatu. Zaidi ya yote aandike maneno yenyewe. Katika hipnosi neno ndilo dawa. Taarifa isiyoyaleta maneno kama yalivyosemwa, tena kwa Kiha ikiwa yalisemwa kwa Kiha, ni kama cheti cha daktari kisichotaja dawa. (Tafsiri na ifuate chini yake.) Amwombe mama huyo ruhusa kabla ya kuandika, na jina lake alifiche kweli kweli: Kalinzi watu wanafahamiana, na kuandika "mke wa mzee wa kanisa, yule mwenye mgongo" ni kumtaja.