Guid, gude, gweed: kompyuta inavyojifunza tahajia za Kiskoti

Anayetafuta neno lenye maana ya "-zuri" katika maandishi ya Kiskoti hukutana na guid, gude na, kwa watu wa kaskazini-mashariki mwa Uskoti, gweed. Neno ni moja, lakini kompyuta isiyofundishwa huona matatu yasiyohusiana.

Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, tofauti kabisa na Kigaeli cha Uskoti. Kilikuwa lugha ya sheria na ushairi wa Uskoti hadi mfalme alipohamia London mwaka 1603, na baada ya muungano wa 1707 Kiingereza kikatawala maandishi rasmi. Hakikupata chombo cha kusanifisha tahajia, kama Kiswahili kilivyopata Kamati ya Lugha mwaka 1930. Watu hawakuacha kukisema. Katika sensa ya 2011 zaidi ya milioni 1.5 walijibu kwamba wanakizungumza. Kuandika, kila mmoja aliandika alivyosikia au alivyorithi.

Ili kuyakutanisha maumbo hayo, unaweza kuanza na Soundex, mbinu iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina ya ukoo. Hubakiza herufi ya kwanza, hutupa irabu pamoja na h, w na y, na kugeuza konsonanti nyingine kuwa tarakimu. Guid, gude na gweed zote hutoka G300. Inavutia, mpaka uone kwamba gate, yaani njia, nayo ni G300. Tena herufi ya kwanza haiguswi, kwa hiyo quhat ya karne ya 16 na what ya leo, ambazo ni neno lilelile la kuuliza "nini", hutenganishwa moja kwa moja.

Wengi hukimbilia kipimo cha Vladimir Levenshtein cha mwaka 1965: hesabu herufi ngapi uongeze, ufute au ubadilishe ili neno moja liwe jingine. Hame, "nyumbani", huandikwa pia haim. Kutoka hame hadi haim ni hatua mbili. Kutoka hame hadi name, "jina", ni hatua moja. Kipimo kinasema nyumbani ni karibu zaidi na jina kuliko na nyumbani yenyewe.

Kosa ni kuyahesabu mabadiliko yote sawa. Anayejua kwamba Mombasa husema ndia pale Unguja wanaposema njia hashangazwi na ndaa badala ya njaa. Tofauti hiyo ina desturi yake. Kiskoti kimejaa desturi za namna hiyo. Waandishi wa kale waliandika quh palipo na wh ya leo, walibadilishana u, v na w, na waliweka i baada ya irabu kuonyesha urefu, ndiyo maana haim ni hame. Kwa hiyo kila badiliko lipewe gharama yake: la desturi liwe rahisi, lisilo na desturi liwe ghali.

Gharama hizo hazikisiwi. Kamusi ya Lugha ya Kiskoti, iliyowekwa mtandaoni mwaka 2004 kwa kuunganisha kamusi mbili kubwa, huorodhesha chini ya kila kidahizo, yaani neno kuu la kamusi, maumbo yaliyopatikana katika maandishi. Unganisha kila umbo na kidahizo chake, panga herufi sambamba, quh ikihesabiwa kama kipande kimoja, kisha uhesabu mabadiliko yanayojirudia. Hapo haim huisogelea hame, na name huenda mbali, kwa sababu h kuwa n mwanzoni mwa neno hakuna ushahidi. Wakati wa kuipima algoriti inayotumia gharama hizi, vidahizo vizima vifichwe pamoja na maumbo yake yote. Ukificha maumbo machache tu, algoriti itakuwa imekwisha kuona ndugu zao na alama zitadanganya.

Gharama pia zitegemee mahali. Kaskazini-mashariki wh hugeuka f, na what huwa fit. Ukiruhusu badiliko hilo Uskoti nzima, utazoa maneno yasiyohusika, kwa sababu kwingineko fit ni mguu. Hapa hakuna kipimo cha herufi kitakachosaidia, maana herufi ni zilezile. Programu ibakize vidahizo vyote viwili, kisha maneno ya jirani na asili ya matini viamue.

Programu ya VARD ya Chuo Kikuu cha Lancaster, iliyotengenezwa kwa Kiingereza cha zamani, huchanganya kanuni za herufi, sauti na umbali wa Levenshtein, kisha huweka umbo la kisasa na kuhifadhi la asili katika lebo. Mchanganyiko huo ni mzuri. Lakini kwa Kiskoti, umbo la kisasa la lugha gani? Ukiweka good kila palipo na guid, umekifanya Kiskoti kuwa Kiingereza kilichokosewa, na hilo silikubali. Kila umbo lifungwe kwenye kidahizo cha Kiskoti na libaki lilivyoandikwa. Atlasi ya Kiskoti cha kale ya Edinburgh, ya maandishi ya 1380 hadi 1500, imejengwa juu ya tofauti hizi za tahajia, kwani ndizo zinazoonyesha maumbo yapi yalitumika wapi. Mtafutaji aandike guid, aletewe na gude na gweed, kila moja na mwaka wake na mji wake.