Buruji Makaburini: Ishara Isiyo na Maneno

John Carrington, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu ngoma zinazosema, alionyesha kwamba ngoma ya Walokele wa karibu na Kisangani hufuata toni za lugha yao. Buruji, yaani tarumbeta dogo la kijeshi lisilo na vibonyezo, haina msaada huo. Sauti zake ni chache na haziigi lugha yoyote. Maana yake hutokana na saa na mahali inapopigwa.

Mfano ulio wazi ni mlio wa jeshi la Marekani uitwao Taps. Jenerali Daniel Butterfield aliutengeneza Julai 1862, kambini Harrison's Landing, Virginia, kwa kurekebisha mlio wa zamani. Una noti 24, zilizojengwa juu ya sauti nne tu. Kazi yake ilikuwa kuamuru taa zizimwe. Mwaka uo huo Kapteni John Tidball aliagiza upigwe katika maziko ya askari wake, kwa kuwa adui alikuwa karibu na risasi za heshima zingedhaniwa kuwa shambulio. Hadithi ya baba aliyeukuta mlio huo mfukoni mwa mwanawe aliyeuawa vitani ni uzushi, wala haihitajiki. Amri ya kulala ikisikika kaburini hugeuka sitiari yenyewe, kama vile Kiswahili kinavyosema marehemu amelala.

Tangu mwaka 2000, sheria ya Marekani humpa kila aliyelitumikia jeshi kwa heshima haki ya kuzikwa kwa mlio huo. Wapigaji hawatoshi, kwa hiyo, tangu 2003, hutumika pia chombo cha kielektroni kinachotiwa ndani ya buruji, naye askari huiweka mdomoni bila kupuliza. Watetezi wake husema kwamba mlio hutoka bila dosari, na kwamba wafiwa hawakosi heshima yao. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Tarehe 25 Novemba 1963, katika maziko ya Rais Kennedy huko Arlington, Sajini Keith Clark aliikosa noti ya sita, na wengi waliisikia kama kwikwi ya kilio. Kosa lile lilidhihirisha kwamba yupo mtu anayeaga.

Ishara isiyo na maneno hutegemea pumzi ya anayeitoa. Panapokosekana mpigaji, afadhali kanda inayojulikana kuwa ni kanda kuliko pumzi ya kuigiza.