Sayari za Kompyuta: Uhalisi au Ushabihi?

Miongoni mwa maneno yatumiwayo ovyo katika tafsiri za habari za anga, "picha halisi" yafaa litahadhariwe zaidi. Aghalabu mfasiri huliandika chini ya kila sayari iliyompendeza, bila ya kuuliza kama ilipigwa kwa kamera au ilichorwa na kompyuta. Tunayapinga matumizi hayo, na ushahidi wetu ni filamu mashuhuri.

Filamu zenyewe zilitengenezwa na James Blinn katika Jet Propulsion Laboratory, Pasadena, Marekani. Zaonyesha safari za vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vikaipita Mshtarii mwaka 1979 na Zohali mwaka 1980 na 1981. Kwa upande wa sanaa, ni kazi bora. Ubora huo haukutokana na rangi bali na hesabu: njia ya chombo, mahali pa kila mwezi na upande utokako mwanga wa jua vilikokotolewa kwa kanuni za mwendo. Katika hayo, filamu ni ya kuaminika.

Sura ya sayari ni jambo jingine. Kompyuta huanza na tufe tupu, kisha hulivika ramani ya rangi kama mpira uvikwavyo kitambaa. Kwa Mshtarii, darubini zilikwisha kuonyesha mikanda ya mawingu na doa kubwa jekundu. Lakini sura ya miezi yake haikujulikana vema, hivyo filamu iliyotangulia chombo haikuwa na budi kukisia. Voyager 1 ilipopita, Machi 1979, ilikuta volkano zikilipuka katika mwezi uitwao Io. Hakuna aliyekuwa ameziona kabla ya hapo. Brashi ya msanii ingezijuaje?

Wala nguvu za mashine hazikuiondoa hitilafu hiyo. Katika filamu Interstellar ya mwaka 2014, shimo jeusi lilichorwa kwa milinganyo ya mwanafizikia Kip Thorne. Hata hivyo, tofauti ya mng'ao baina ya upande wa gesi unaomjia mtazamaji na ule unaomwacha iliondolewa kwa makusudi, ili watu wasitatizike. Basi kilichosifiwa kwa uhalisi kilikuwa kimepunguziwa uhalisi.

Wapo watakaosema kwamba "picha" ni neno pana, lenye kubeba mchoro na fotografia pia. Ni kweli, na hatuna ugomvi na neno hilo. Kosa limo katika "halisi". Tunapendekeza, basi, "picha ya kamera" kwa iliyonaswa na chombo, na "picha shabihi" kwa iliyokokotolewa. Maana kufanana na kitu siko kuwa kitu chenyewe.

Walimu watalipima pendekezo hili darasani. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa mchoro ni picha halisi, siku atakapogundua kuwa ulichorwa, atazitilia shaka hata zile zilizopigwa kweli.