Habari za Wakilindi na Ushahidi wa Nyaraka

Kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa na misheni ya UMCA huko Magila kwa sehemu tatu, 1895, 1904 na 1907. Mwalimu atakaye kufundisha habari za Usambaa huanza nacho, na afanya vema. Lakini akikomea hapo, twaona hajafika nusu ya kazi.

Sifa yake ni kubwa. Mwandishi alikaa na Wakilindi wenyewe. Mengine aliyasikia, mengine aliyaona kwa macho. Mbega mwindaji atokaye Ngulu, agawaye nyama hata watu wakamtaka awe mfalme, yu hai katika kurasa zile. Walakini Steven Feierman, aliyeketi na wazee wa Usambaa na kutoa kitabu chake 1974, ameonyesha kuwa kisa hicho chaeleza maana ya ufalme zaidi ya kusimulia mambo yalivyotukia. Asomaye kama daftari la matukio atapotea.

Kwa miaka yatupasa kutafuta penginepo. Krapf alifika kwa Kimweri huko Vuga 1848, akarudi 1852. Burton na Speke walifika 1857. Hizo ni kama mambo za kufungia kamba ya vizazi. Lakini mgeni wa siku chache huona baraza, haoni koo.

Na hapa ndipo upungufu ulipo. Kitabu ni cha nyumba ya kifalme. Mtu wa kawaida huonekana akileta kodi, akipigana, au akiuzwa katika vita vilivyofuata kifo cha Kimweri, 1862. Ni mwana wa nani? Kitabu kimenyamaza, nasi wanafunzi wetu wengi ni wajukuu wa watu hao, si wa Mbega.

Habari zao zimo katika madaftari ya ubatizo na ndoa ya parokia za zamani, katika nyaraka za UMCA zilizoko Oxford, na katika mafaili ya Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia 1997. Lakini tuangalie: jina la ubatizo hufunika jina la ukoo, na sikio la mgeni huandika vibaya. Pasipo mzee wa kijiji, karatasi ni bubu.

Tena pana la kuogopwa. Daftari laweza kufunua kwamba babu wa mtu alinunuliwa. Neno hilo ni mali ya jamaa zake. Lisisomwe mbele ya darasa, wala mtu asilitumie kumnyima mwenziwe shamba.

Basi shauri letu ni hili: mwalimu aandike safu tatu, ya kitabu, ya waraka, na ya mzee. Zikipatana, ashukuru. Zisipopatana, aache tofauti ionekane, wala asiipatanishe kwa kalamu yake. Na madaftari yenyewe yawekwe mbali na mchwa, kwa maana mzee akifa na daftari likiliwa, hapana wa kuulizwa tena.