Wimbo wa Siku: "Nchi ya Kitu Kidogo"

Leo tumechagua "Nchi ya Kitu Kidogo" wake Eric Wainaina, msanii wa Kenya, uliotoka mwaka 2001. Ufundi wake umo katika neno moja. Mla rushwa huomba "chai". Mwimbaji hulishika neno kwa maana yake ya msingi, akamwelekeza Limuru kunakolimwa chai. Tafsida imevuliwa nguo bila tusi hata moja.

Wasomaji wa Arua na Koboko watausikia kwa sikio jingine. Idi Amin, Mkakwa ambaye asili yake ni Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na Waganda wengi wa kusini wakabaki wakikiona kuwa lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. West Nile, watu wanaozungumza Kilugbara au Kikakwa nyumbani hukitumia sokoni na katika biashara ya mpakani na Kongo. Katika wimbo huu raia ndiye msemaji; mwenye cheo ndiye anayesikilizishwa.

Kibwagizo, kwa maoni yetu, ni kitamu mno, hata mtu huimba akasahau kukasirika. Walimu, kabla ya msamiati, waulizeni wanafunzi: kwao "chai" ya namna hii huitwaje?